Alama Shingoni mwa Jembe

Jembe langu limebaki dogo kama kiganja. Udongo wa bondeni umelila kwa miaka mingi, ukalimung'unya kutoka mbele kurudi nyuma, hadi sasa nikilima inanibidi niiname kuliko mgongo wangu unavyotaka. Lakini pale shingoni, chuma kinapoingia kwenye mpini, msalaba bado upo. Ni mdogo, kama punje mbili za mchele zilizopandana. Mhunzi aliyeupiga alisema aliuweka pale kwa makusudi, mahali ambapo ardhi haifiki.

Jioni, kabla sijalirudisha bandani, naupapasa kwa kidole gumba. Ndiyo sala yangu fupi kuliko zote.

Mwaka wa tisini na saba sikujua kusoma. Katika kikundi chetu cha bustani pale Kidahwe tulikuwa watu kumi na wawili, na waliojua kusoma hawakuzidi wanne. Tulilima bondeni, kando ya kijito, kila mtu na matuta yake: mchicha, lengalenga, nyanya, vitunguu. Vifaa tulivifungia katika banda moja la tofali za kuchoma lenye bati juu, maana kubeba jembe, reki na ndoo ya kumwagilia kupanda mlima kila siku ilikuwa adhabu. Ufunguo nilikaa nao mimi. Niliuvaa shingoni pamoja na rozari, na nilipopiga magoti viligongana.

Kisha wizi ukaanza. Mara ya kwanza walivunja kufuli wakachukua majembe mawili na ndoo. Tukanunua kufuli kubwa. Mara ya pili waling'oa bati, na kabla ya kuondoka wakaikanyaga miche yote ya nyanya ya Agnesi, mjane mwenzetu, kana kwamba walikuwa na ugomvi na miche. Agnesi alikaa kwenye tuta akiokota mashina yaliyovunjika na kuyapanga moja moja, akasema tu, "Wangeiba basi. Kukanyaga ni kwa nini?"

Tukapanda michongoma kuzunguka banda. Tukafunga makopo matupu kwenye waya ili yapige kelele. Mwisho Mzee Asumani, mwenyekiti wetu, akasema kila mtu achome alama yake kwenye mpini kwa chuma cha moto, jembe likionekana popote lijulikane. Mzee Asumani alikuwa Mmanyema wa Ujiji aliyehamia kwetu kwa kuoa. Alikuwa mtu wa haki na wa swala tano, lakini Kiha, lugha yetu, hakikuwahi kumwingia kichwani. Yeye alichoma mwezi mwandamo. Mimi nilichoma msalaba. Agnesi alichoma vitone vitatu kwa ajili ya watoto wake watatu. Elida alichoma duara.

Elida alikuwa Mrundi. Alivuka mpaka miaka minne nyuma, peke yake, na hakuwahi kunieleza aliondoka na wangapi. Badala ya kwenda kambini alifika kwetu akiomba kazi ya kupalilia, nami nikamgawia matuta yangu mawili ya pembeni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi na kushukuru. Lakini mimi na yeye hatukukihitaji, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana kama ndugu waliolelewa nyumba mbili. Mchana tulikaa kivulini tukasali mafungu matano ya rozari, yeye akianza, mimi nikimalizia. Aliniita Skola. Wengine wote waliniita Mama Wema.

Alipoona tunachoma mipini alicheka, akaniambia kwa lugha yetu, "Skola, mmeiandika alama kwenye mti. Mwizi atautia mti motoni apikie maharage."

Wiki mbili baadaye nilikwenda soko la Katonga kununua dagaa, nikaona majembe yamepangwa juu ya gunia. Moja nililijua kwa pengo lake kwenye ukingo. Lilikuwa la Agnesi, lililoibwa shambani siku chache baada ya kuchomwa alama. Lakini mpini ulikuwa mpya, mweupe, bado unanukia mti mbichi. Nililishika, nikaligeuza. Muuzaji akaniuliza, "Vipi mama, unalo jina humo?" Nikaliweka chini. Niliporudi nilimsimulia Elida, naye akatikisa kichwa taratibu. Hakucheka mara hii. Akauliza, "Na chuma je? Nani anaweza kuandika kwenye chuma?" Nikadhani ni swali la kupitisha muda.

Mwezi ule tangazo likatoka kwamba wageni wote waliokaa vijijini wapelekwe kambini. Malori yalianza kupita vijiji vya jirani. Kitongojini kwetu wakubwa walipatana hivi: mgeni mwenye mwenyeji wa kumsemea, aliyekaa kwa amani na kulima, asemewe, pengine ataachwa. Nilimwambia Elida asiwe na wasiwasi, nitamsemea mimi. Nililisema hilo tumepiga magoti, nikalitaja mbele za Mungu.

Naandika hili polepole kwa sababu mkono bado ni wa mwanafunzi, na kwa sababu linalofuata halipendezi.

Shangazi yangu akafariki Ujiji. Nilikwenda msibani siku tatu, nikamwachia Elida ufunguo. Niliporudi, saa sita mchana, nilipitia bondeni kabla ya nyumbani. Mzee Asumani alikuwa amesimama mbele ya banda na mikono nyuma. Kufuli lilikuwa zima. Bati lilikuwa zima. Tulichungulia pamoja kwenye upenyo wa mlango. Reki zilikuwepo, ndoo zilikuwepo. Majembe yote kumi na mawili, hata lile jipya la Agnesi, hayakuwepo.

"Mama Wema," alisema, "ufunguo uko wapi?"

Nilishika shingo. Palikuwa na rozari peke yake.

"Nilimwachia Elida."

Hakupandisha sauti. "Sijalaumu. Lakini watu watasema, na watakaposema hawatamtaja yeye peke yake. Mama yako alizaliwa upande gani vile?"

Alijua. Kila mtu alijua. Mama yangu alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaolewa huku zamani, wakati mpaka ulikuwa kilima tu cha kupandia mbuzi. Miezi ile hilo halikuwa jambo la kutajwa hadharani. Nilikuwa nimeona mwanamke wa kijiji cha jirani, Muha kama mimi, akipakiwa kwenye lori kwa sababu tu ya namna alivyotamka neno, akashushwa baada ya kulia sana.

Ndipo tukamwona Elida ng'ambo ya kijito, anateremka na mzigo wa majani kichwani. Mvua zilikuwa zimeanza na maji yalikuwa mengi, yana kelele, hayavukiki pale ila kwa kuzunguka darajani. Mzee Asumani akaniambia nimwulize. Nikamwita, na kwa kuwa mzee alikuwa pembeni yangu nilimwuliza kwa Kiswahili, ili asidhani tunafichiana.

"Elida, majembe?"

Alitua mzigo. Aliweka mkono mdomoni, akaita juu ya maji:

"Ejo, Skola! Ejo!"

"Kasemaje?" akauliza Mzee Asumani.

Kwa Kiha, kama kwa Kirundi, ejo ni jana, na ejo ni kesho. Ni siku iliyo jirani na leo, upande wowote. Neno linalofuata ndilo linalokuonyesha upande. Likikosekana, unamtazama msemaji usoni. Nimelitumia neno hili tangu nilipoanza kusema. Sijawahi kukosea.

Na usoni nilimtazama. Alikuwa anacheka, kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Tena anacheka," alisema Mzee Asumani. "Kasemaje, mama?"

"Anasema jana," nikajibu. "Yamekwenda jana."

Lile lilikuwa neno dogo, na nililisema kwa sauti ya kawaida. Lilikuwa jibu la mtu ambaye hana undugu na yule wa ng'ambo. Mzee Asumani alivuta pumzi, akageuka, akapanda mlima. Elida alinipungia mkono, akajitwika majani yake.

Lori lilikuja alasiri ile ile. Waliokusanywa walikaa kwenye uwanja wa shule na vifurushi vyao. Elida alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Majina yaliitwa, fulani alisemewa na bwana aliyemwajiri, fulani na jirani. Walipofika kwa Elida, Mzee Asumani aliuliza kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Yupo wa kumsemea huyu?"

Hakusema neno la majembe. Sasa naamini alinyamaza kwa wema, ili asimwongezee mzigo wa jina baya huko aendako. Lakini kwa sababu ya wema ule Elida hakujua ametuhumiwa, na kwa kuwa hakujua, hakujitetea. Alinitazama akingoja, bila hofu, kama anavyongoja mtu anayejua zamu yake imefika. Nilitazama chini. Palikuwa na siafu wanavuka. Niliwahesabu.

Alipopita mbele yangu kwenda kwenye lori alivua kamba shingoni akanipa ufunguo. Ulikuwa na joto la ngozi yake. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini alinyoosha kidevu upande wa mlimani, akasema tena, taratibu sasa, kama anayemkumbusha mtoto:

"Ejo, Skola."

Nikadhani ananionyesha kwao.

Usiku sikusali. Nilishika rozari mpaka ikapata jasho.

Asubuhi, jua likiwa halijafika bondeni, nilisikia kengele ya baiskeli. Alikuwa Feliksi, mhunzi wa kule juu mlimani, anaisukuma kwa mkono kwa sababu ya uzito. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga majembe kama kuni. Mzee Asumani na Agnesi walikuwa wameshafika.

"Elida yuko wapi?" aliuliza Feliksi. "Nilimwahidi leo."

Akaanza kuyafungua na kuyalaza chini moja moja. Shingoni mwa majembe palikuwa na alama iliyopigwa katika chuma, bado inang'aa. Vitone vitatu. Msalaba. Mwezi mwandamo, mwembamba, umepindwa vizuri. Kila mmoja na ya kwake. Elida alizikumbuka zote, akamchorea mhunzi kwa kijiti kwenye vumbi.

"Alisema mipini inachomwa," Feliksi alieleza, "chuma hakichomwi. Alisema ninyi mmezoea kusoma hizi. Amenipalilia maharage siku tatu kwa kazi hii."

Mzee Asumani alichuchumaa, akagusa mwezi wake. Hakuniangalia. Kisha akanyanyua jembe la mwisho, akaligeuza pande zote mbili.

"Hili halina."

"Hilo ni la kwake. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia nitamalizia. Akasema lake lisubiri, siku tatu zinatosha kumi na moja."

Agnesi aliketi chini. Mimi nilibaki nimesimama, na nilichokifikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba Mzee Asumani atajua. Halafu akauliza kwa upole, akilitamka vibaya:

"Hilo neno, ejo. Maana yake nini hasa?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akachukua jembe lake akaenda kwenye matuta yake. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa.

Nilikwenda kambini mara mbili na kikapu cha lengalenga kutoka matuta ya Elida. Mara ya kwanza walisema waliotoka upande wetu wamegawanywa. Mara ya pili walisema wengine wamepelekwa kambi nyingine, wengine wamerudi kwao. Mtu mmoja alisema yupo Elida, nikaenda mbio, alikuwa msichana. Lengalenga nilimwachia.

Jembe la Elida tulilitunza bandani. Feliksi alijitolea kulipiga duara, nikamwomba asilipige. Mwenyewe alisema lisubiri.

Sasa banda lina mlango wa chuma na nondo dirishani. Mimi nasoma masomo ya jioni kwa mwalimu Oswald, pamoja na wazee wenzangu, tukibanana kwenye madawati ya watoto. Mwezi uliopita aliandika ubaoni: jana nililima, kesho nitalima. Akaniita nisome. Nikasoma. Kisha nikamwuliza, je, kama mtu analo neno moja tu kwa zote mbili?

"Kwa Kiswahili ni mawili, Mama Wema," alisema. "Huwezi kuyachanganya."

"Ni kweli, mwalimu," nikasema, nikakaa.

Wema, binti yangu, huja siku za Jumapili baada ya misa, akaniona nimeinama na kijembe changu kilichokwisha. Hukasirika. Amenunua kingine, kipya, bado kina rangi, kimeegemea ukuta.

"Mama, hicho utakiacha lini?"

Nafuta udongo shingoni kwa kidole gumba mpaka msalaba utokee, na namjibu kwa Kiha.

"Ejo."