Gari Lisilobisha Hodi

Gari la zamani la Meneja lilikuwa na adabu kuliko mwenyewe: lilibisha hodi. Bomba lake la moshi lilitoboka miaka mingi iliyopita, na likianza kupanda kilima pale kwenye kona ya kiwanda cha maziwa, masjala nzima ililisikia. Kutoka hapo mpaka mlangoni ni dakika tatu. Dakika tatu zinatosha kuvaa viatu, kupangusa makombo, kumwamsha mhasibu na kufungua jalada lolote lililo karibu, hata kama limeshikwa kichwa chini.

Bingwa wa dakika hizo alikuwa karani wa masjala, Mama Mihuri. Alizihitaji kuliko wote, maana alishapewa barua mbili za onyo, na ya tatu huja na kwaheri. Nyumbani alikuwa na watoto watatu na mume ambaye kazi yake ni kutafuta kazi. Lakini Mungu alimpa kipaji kisichotulia: kumwigiza Meneja. Atoe tumbo, ashushe miwani puani, aseme, "Suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi," watu hoi.

Basi makao makuu wakaleta gari la umeme. La majaribio tu. Meneja aliendeshe, kisha aandike ripoti kama linafaa kununuliwa kwa matawi yote. Gari lilipendeza, tusiseme uongo. Ila halikuwa na sauti. Siku ya kwanza Meneja alimkuta mhasibu amelala mdomo wazi. Siku ya pili alimkuta mpiga chapa anapaka kucha rangi.

Mama Mihuri akashuka getini.

"Kaka," alimwambia mlinzi, "ukiliona linaingia, kohoa. Kohoa mpaka tusikie huko juu."

"Kukohoa nako kumekuwa kazi, dada?"

"Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kohoa, chai ya asubuhi nitakuletea mimi."

Mlinzi akakohoa kwa moyo wake wote. Wiki nzima ofisi ikawa salama. Ijumaa jioni Meneja alishusha kioo, akamtazama kwa huruma.

"Bwana, kifua hicho kitakuua. Nenda kapumzike siku tatu."

Masjala hawakupata habari. Jumatatu asubuhi Mama Mihuri alisimama katikati ya chumba, tumbo mbele, miwani puani. "Suala lako limepokelewa..." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza wote kwa mpigo. Hakuhitaji kugeuka. Za mwizi ni arobaini, na zake zilikuwa zimetimia.

"Njoo ofisini," alisema Meneja. "Na kalamu."

Kumbe hata barua ya kufukuzwa anaandikishwa mwenyewe! Aliketi ukingoni mwa kiti, akiwaza atasema nini nyumbani.

"Andika. Ripoti ya gari la umeme. Vikwazo. Moja: vituo vya kuchajia ni haba. Mbili: umeme hukatika. Tatu: vipuri havipatikani. Nne..." Alivua miwani, akaifuta, akairudisha juu kabisa ya pua. "Hivi, mama, kweli naongea vile?"

"Hapana, bosi."

"Na tumbo?"

Mama Mihuri alishindwa kudanganya mara mbili kwa asubuhi moja. "Tumbo, bosi, huwa nalipunguza."

Meneja alitazama dirishani, chini kule lilipoegeshwa lile gari. "Miaka kumi na minne naingia humu nakuta kila mtu kainamia kazi. Nilikuwa namwambia mke wangu, wale watu wananiheshimu sana."

Aibu ilimshika Mama Mihuri, aibu ya kweli, wala si ile ya kuogopa barua.

"Nne niandike nini, bosi?"

"Ishia tatu. Zinatosha."

Kesho yake kelele za lile bomba lililotoboka zilisikika kwenye kona ya kiwanda, na masjala wakakimbilia viatu vyao. Getini zikafuata honi mbili, ndefu. Dakika zikapita, mlango haukufunguliwa. Mama Mihuri akachungulia dirishani. Meneja alikuwa amekaa ndani ya gari lake bovu, injini imezimwa, anatazama saa, anawasubiri wamalize.