Kikohozi Mlangoni

Kikohozi kilitangulia, kama kawaida yake: kikavu, cha makusudi, cha mzee anayebisha hodi bila kuinua mkono. Hakijaisha, Atuganile alikuwa ameshatupa ungo na kupotelea nyuma ya magunia. Kwenye benchi pakabaki pengo.

Karani Joachim hakulitazama pengo. Alinitazama mimi.

"Mama Muhidini, hawa ni watu wako au kuku wako?"

Wanawake wakacheka. Matilda ndiye aliyecheka zaidi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nyapara wa wanawake waliochambua kahawa katika ghala moja pale Mbeya. Nilizaliwa Iringa, kwa baba aliyepanda kutoka pwani na mitumba yake ya nguo, nikaja Mbeya kuolewa. Unyapara walinipa kwa sababu nilijua kusoma kidogo na sikuwa na makuu. Tulikaa kwenye meza ndefu tukitoa punje nyeusi na zilizovunjika, vidole vimekufa ganzi, ukungu wa mlima Loleza umeingia nasi mpaka ndani.

Sikuwa na fimbo wala sauti. Aliyechelewa nilimuuliza mtoto kaamkaje. Aliyechoka nilivuta sehemu ya kahawa yake kwenye ungo wangu. Niliamini ukiwatendea watu kwa upole, nao wataitendea kazi kwa upole. Wapi! Nikisema, "Jamani, tukazane kidogo," walijibu, "Ndiyo, mama," kisha soga zikaendelea pale zilipokatikia. Jioni nilirudi nyumbani nimebeba uchovu wao wote pamoja na wangu.

"Wewe ni uji usio na chumvi," Matilda aliniambia siku moja. Alikuwa Mbena, mwenye mdomo. "Unanyweka, mama, lakini nani ataukumbuka?"

Nilicheka. Usiku sikulala.

Sasa, kwa kina Atuganile, kule Rungwe, mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hatamki jina lake. Akimwona njiani huingia vichakani mpaka apite. Na Mzee Asukile, baba mkwe wake, ndiye aliyesindikiza kahawa ya wakulima wenzake kwa lori na kuiingiza ghalani. Mzee mwenyewe alijitahidi. Alikohoa mlangoni ili mkwewe apate nafasi ya kujificha. Lakini ghala lilikuwa na mlango mmoja, na Joachim alikuwa na macho mawili.

Mume wa Atuganile alikuwa amekwenda Chunya kutafuta dhahabu, na hata salamu hakuleta. Kibarua hicho ndicho kilichomlisha mtoto wao.

Nilijaribu. Nilimpa kazi ya kushona magunia kule nyuma. Joachim akamrudisha mezani. Niliwaomba wenzake wampishe kwenye kona, ambako mtu wa mlangoni hamwoni.

"Kona ina jiko la mkaa, mama," walisema. "Na sisi tuna baridi."

Walinikatalia kwa upole uleule niliowafundisha.

Basi siku ile ya kuku, Joachim akakata shauri. "Atakayekimbia meza tena kabla ya kengele, asirudi. Na wewe, nyapara, ndiye utakayemwambia."

Lori lililofuata lilikuja asubuhi ya baridi kali. Joachim alikuwa amesimama kwenye mizani, mikono nyuma. Kikohozi kikasikika. Atuganile akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, machozi yanamdondoka kwenye kahawa, nami nikafungua kinywa nisijue kitakachotoka.

Matilda akasimama. Alivua kanga yake ya mabegani, akaitandaza mbele ya Atuganile.

"Baridi gani hii!" alisema kwa hasira, kana kwamba kuna mtu amemuuliza.

Wa pembeni yake akasimama na ya kwake. Kisha mwingine. Kanga zikashikana pembe kwa pembe, ukawa ukuta, na nyuma yake nilisikia punje zikidondoka kwenye kopo, taratibu, kisha upesi. Mzee Asukile aliingia na gunia begani, akauona ukuta ule, akageuza uso. Alitua mzigo. Alipofika nje ndipo aliposema, bila kumtaja mtu, "Ndaga." Asante ya kwao.

"Nani kawaamuru kusimama?" Joachim aliuliza.

Hakuna aliyewaamuru. Tangu msimu uanze hawakuwahi kufuata hata amri yangu moja.

"Mimi," nikasema.

Aliichukua kengele ya unyapara mbele yangu, akampa Matilda pale pale.

Kesho yake walifika wote mapema. Niseme kweli, hilo liliniudhi. Linaniudhi hata sasa nikiwa na wajukuu. "Atuganile, kona!" Matilda alipaza sauti. "Kuna mwenye neno?" Wenye kona wakabeba nyungo zao, wakampisha. Jambo nililolibembeleza msimu mzima lilikwisha kwa pumzi moja.

"Na wewe Mama Muhidini, mikono hiyo, umelala?"

Niliinamia ungo wangu, nimenuna. Kahawa ilinuka vumbi. Nje lori liliunguruma, likazimwa, na kikohozi kikaja.

Mzee akiingia ndani kona haitoshi, na Matilda alishavua kanga. Alinirushia upande mmoja.

"Shika pembe, mama," alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

Nikashika.