Siku Tuliyomkamua Opal Kabla ya Mashindano

Bado naisikia harufu ya banda lile: majani makavu, sabuni ya kuogeshea ng'ombe, jibini la kukaanga kutoka kibanda cha akina mama wa kanisa. Agosti, Wisconsin, Marekani, maonyesho ya mifugo ya kaunti, enzi ambazo wafugaji wadogo tulitosha kujaza banda zima. Siku hizi wanaegesha matrela humo. Wao wamesahau. Mimi sijasahau.

Mwaka ule baba yangu, Norbert, alikuwa ameshaamua: ng'ombe wote wangeenda mnadani Oktoba. Bei ya maziwa ilikuwa imetumaliza. Ila aliniahidi jambo moja.

"Opal akipata utepe wa buluu, ule wa mshindi wa kwanza, Verna, anabaki nyumbani. Akikosa, anaondoka na wenzake."

Opal nilimlea tangu ndama. Asubuhi ya mashindano hatukumkamua, kama ilivyo desturi, ili aingie uwanjani kiwele kimejaa. Zamu yetu ilikuwa saa nne. Nilikuwa nimeshavaa suruali yangu nyeupe ya kuingilia uwanjani.

Saa nne msimamizi akatangaza tusubiri: lori la Bwana Haldane, mwenye ng'ombe mia sita, lilikuwa bado njiani. Tungechelewa sisi, tungesubiriwa? Thubutu! Tungekuta lango limefungwa.

Mchana ukaingia. Opal akawa anakanyagakanyaga, kiwele kimekaza kama ngoma, maziwa yanadondoka yenyewe. Akanigeukia, akaguna.

"Vumilia, mwanangu," Baba akasema. "Ukimkamua sasa, umemuuza."

"Anaumia, Baba."

"Najua anaumia! Unadhani sina macho?"

Nikachukua ndoo, nikapiga magoti kwenye majani na suruali yangu nyeupe. Baba alisimama tu. Halafu akachuchumaa upande wa pili, akashika chuchu zilizobaki.

Jirani yetu mzee Ludvik akapaza sauti: "Norbert! Umerukwa na akili? Unamwaga utepe wako kwenye ndoo!"

"Lete kikombe uunywe, basi."

Ludvik akamtazama ng'ombe wake, akatukana, akaenda kutafuta ndoo. Kisha mwingine. Kisha banda zima likawa linalia maziwa yakigonga ndoo za bati, na watoto wamejipanga na vikombe. Sijapata kusikia muziki mtamu kama ule.

Haldane akafika, ng'ombe wake kiwele kimejaa sawasawa. Mwamuzi alipofika kwa Opal, akatikisa kichwa.

"Kiwele kimelegea."

"Saa nne kilikuwa kimekaza," nikamwambia. "Mlikuwa mnamsubiri nani?"

Akasogea kwa ng'ombe aliyefuata. Utepe ukaenda kwa Haldane.

Baba hakuvunja neno lake. Asubuhi ya mnada tulimkamua Opal sisi wawili, mmoja huku, mmoja kule, mpaka tone la mwisho. Dalali akaja mbio.

"Mnafanya nini, jamani? Kiwele kikijaa ndipo bei inapanda!"

"Basi ishuke," Baba akasema, bila kuinua kichwa. "Ana safari ndefu."