Kiti cha Msimamizi

Mama alikuwa akipiga pasi blauzi ya binti yake aliposikia habari zake mwenyewe zikitoka chumba cha pili. Binti huyo, ambaye mashabiki wake wa hip hop humwita Pasi kwa heshima ya kazi ya mama yake, alikuwa akifanyia mazoezi mistari ya Jumamosi. Siku hiyo wafanyakazi wahamiaji wangekusanyika uwanjani kudai waajiri waache kushikilia paspoti zao.

"Paspoti iko kwa bosi, mama yuko mlangoni, machozi yanamtoka, huruma hakuna moyoni..."

Mama akaisimamisha pasi. "We mtoto, mimi nililia lini?"

"Si ulinyang'anywa paspoti?"

"Nilinyang'anywa. Kulia ndiko ninakokuuliza."

"Mama, watu wakisikia machozi wanaguswa."

"Basi watumie ya kwao, wasinisingizie mimi."

Kwa kuwa alikuwa ameshakasirika, akasimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka wake wa kwanza katika chumba cha kufulia cha hoteli, msimamizi alikusanya paspoti zote, eti kwa usalama. Bibi yake Pasi alipougua kule nyumbani, mama aliomba yake, akaambiwa njoo kesho, na kesho ile haikufika. Asubuhi moja akatangulia ofisini, akakaa kwenye kiti cha msimamizi na kutoa soksi zake za kushona. Msimamizi alifoka, akatisha, akatoka, akarudi. Huko chini shuka zilirundikana, wageni wakaanza kulalamika. Mchana msimamizi akaitupa paspoti mezani.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia asante. Nikashuka kupiga pasi."

Pasi alicheka mpaka akakalia nguo zilizokwisha kunyooshwa, na kwa mara ya kwanza hakugombezwa. "Hii ndiyo nitakayoimba, mama."

Hapo mama akanywea. Mwanamke anayelia anaweza kuwa yeyote, lakini aliyekalia kile kiti ni mmoja tu, na msimamizi bado ni yule yule. Kibali cha kazi cha mama hakiongezwi mpaka bwana huyo atie sahihi.

"Ukiimba hiyo, unga umemwagika. Tutafungasha mabegi mimi na wewe. Imba ya machozi."

"Ya machozi ni uongo."

"Basi usiniimbe kabisa."

"Sawa, mama," Pasi alisema taratibu, akainuka kwenye zile nguo. Mama alipata ahueni, na ahueni yenyewe ikamtia aibu.

Jumamosi mama alisimama katikati ya umati pamoja na mwenzake wa kazini, mwanamke mmoja mpole anayekunja shuka upande wa pili wa meza yake. Pasi alipanda jukwaani, akamwaga mistari bila kuuma maneno, watu wakawa wanapunga mikono. Halafu akasita.

"Hapa pana mistari ya mama yangu," alisema. "Sina ruhusa nayo."

Akanyamaza. Mdundo ukaendelea peke yake. Binti ambaye tangu utotoni mdomo wake haukuwa na breki alisimama mbele ya umati wote ule akiwa kimya, kwa sababu hakutaka kumzushia mama yake uongo wala kumponza. Mama alijiona amependwa kupita kiasi.

Akapiga moyo konde. Aliwapenya watu, mwenzake akimfuata nyuma bila kujua wanakokwenda, hadi chini ya jukwaa. Pasi alipomwona alitikisa kichwa kumkataza. Mama akanyoosha mkono vilevile, na binti akachuchumaa, akampa maikrofoni.

"Mimi napiga pasi hotelini," alisema kwa lugha ya wenyeji, ambayo siku zote aliitumia kwa woga. "Msimamizi alichukua paspoti yangu. Nikakaa kwenye kiti chake mpaka akairudisha."

Watu walicheka, wakashangilia, kisha wakatulia, maana wengi wao walikuwa na msimamizi wa namna hiyo. Mama alihisi mkono ukimgusa kiwiko. Mwenzake wa shuka alikuwa ameikodolea macho maikrofoni. Mama akampisha, akampa.

"Yangu," mwenzake alisema, akaanza upya. "Yangu bado anayo."

Pale juu, Pasi akamwashiria mpiga muziki asiukate mdundo.