Livu ya Kiplangat Ndani ya Seng'enge

Kiplangat alikuwa fundi wa msumeno mkubwa kwenye kiwanda cha mbao kule juu kwenye milima ya Bahati, na miaka yote niliyomjua hakuwahi kwenda livu, ile likizo ya kazi. Kila akiomba, Bwana, Mzungu mwenye kiwanda, humjibu, "Ngoja kidogo." Hiyo kidogo ikawa ndefu kuliko reli ya Kisumu.

Mwaka wa hamsini na sita, mvua za kupanda zikikaribia, babake akatuma neno kutoka Londiani: njoo upande mahindi kwenye kipande chako kabla ya mvua, la sivyo nitampa mdogo wako Kimutai. Mzee yule hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Kiplangat akaenda kuacha kazi.

"Notisi mwezi moja," Bwana akasema. Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa ng'ombe.

"Basi livu yangu iwe ndiyo notisi, Bwana. Nimeilimbikiza."

Bwana akafikiri, kisha akacheka kicheko kibaya. "Sawa. Lakini kaa livu hapa, ndani ya seng'enge. Msumeno nakufa, mimi naita wewe. Wewe natoka inje, wewe mtoro."

Siku hizo utoro haukuwa mchezo. Ukiacha kazi bila karatasi ya kuachiliwa, askari wanakufuata mpaka kwenu. Kwa hivyo asubuhi Kiplangat akavaa koti la kanisani, akabeba kiti, akaketi katikati ya uwanja wa magogo.

"Ishak, habari ya kazi?" akaniuliza nikipita na mbao begani.

"Kazi iko. Habari ya livu?"

"Livu iko."

"Na Londiani?"

Akatazama mawingu upande wa Mau.

Watu wakaanza kusimama kumsalimia. Mtu wa livu ni kama mgeni, na mgeni hapitwi kimya. Huyu analeta chai, yule analeta habari za kwao. Siku ya tatu nyapara wetu, Makokha, akachoka.

"Kiplangat, ndugu yangu, shika hata ufagio. Unaniharibia watu."

"Umeona wapi mgeni akipewa ufagio?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

"Lete basi."

Makokha, kwa hasira, akalileta kweli. Kiplangat akaliegemeza kitini, akaendelea na chai yake.

Hapa ndipo watu hunikatalia, lakini mimi nilikuwepo. Ng'ombe wawili wa kukokota magogo walikuwa wakimtazama tangu siku ya kwanza. Adhuhuri hiyo wakaja na gogo lao mpaka pale kitini, wakalala. Wakipigwa, wanafumba macho. Wakavutwa mkia, mmoja akakoroma.

Bwana akatoka mbio. "Amusha ngombe yangu!"

"Siwezi, Bwana. Niko livu."

"Toka! Kwenda! Mimi hapana taka ona sura yako hapa!"

"Ndiyo, Bwana. Na karatasi?"

Bwana akatoa kalamu. Meza haikuwepo, akaitia sahihi karatasi juu ya mgongo wa ng'ombe, ambao kwa kulala ulikuwa umefika kimo kizuri kabisa.

Kiplangat akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti, akatwaa jembe begani.

"Hilo ni la kiwanda!" Makokha akalia.

"Ulisema mgeni mpe, nyapara. Hukusema mwazime."

Langoni nikamkimbilia. "Na livu yako iliyobaki? Unamwachia Bwana hivi hivi?"

Akageuka, akawatazama wale ng'ombe. "Wamalizie hao."

Akashika njia. Aliniambia baadaye kwamba mvua ilimfuata nyuma hadi Londiani ikimlowesha visigino tu, na mbegu ya mwisho ilipoingia ardhini ndipo ikamwagika. Kimutai alikuwa amesimama pembeni na jembe lake kavu, halijagusa udongo.

Wale ng'ombe nao walilala mpaka mwezi ukaisha. Asubuhi iliyofuata waliamka wenyewe, wakaenda kazini, bila hata kupigiwa mluzi.