Kupungua kwa Mama Gody

Leodgar alizikwa juu ya kilima kama alivyotaka mwenyewe, na mkewe, Marieta, akapelekwa kumzika kwa mkokoteni. Hilo la pili hakuna aliyelitaka.

Mji wa kina Leodgar uko nje kidogo ya Butiama, juu ya mawe, mahali ambapo gari halifiki. Gari lililobeba maiti liliishia chini kwenye mkonge. Wanaume wakapokezana jeneza mabegani, na Marieta akaanza kupanda nyuma yao. Alipofika kwenye jiwe kubwa la kwanza, magoti yalikataa. Shemeji zake walimvuta mikono kwa mbele, wakajaribu kumsukuma kwa nyuma lakini hawakujua pa kushika, maana ni shemeji na ni mjane. Mwishowe mtu akakumbuka mkokoteni wa kubebea mapipa ya maji. Wakafungwa ng'ombe wanne. Marieta akapanda kilima amekaa katikati ya mapipa mawili, analia kwa dhati kabisa, na kila gurudumu likiruka jiwe kilio kinakatika na kuanza upya kwa sauti nyingine.

"Kaka yangu kabebwa na watu sita," alinong'ona wifi yake, Bhoke, mnong'ono uliosikika mpaka jikoni. "Mjane kabebwa na ng'ombe wanne."

Watu wakacheka msibani. Kina mama walijifunika nyuso kwa kanga, mabega yakawa yanaruka, na mgeni asiyejua angesema wanalia sana. Katekista aligeukia ukuta akakohoa muda mrefu.

Marieta alisikia. Alirudi nyumbani kwake Makoko, ambako wote walimwita Mama Gody, na maneno yale yakiwa yamemkaa kifuani kuliko hata salamu za rambirambi. Na alijua yanamsubiri. Katika ukoo ule, mwaka ukigeuka mjane hurudi kaburini mbele ya watu wote, na yeye ndiye anayeanza kilio. Asipoanza yeye, wengine hawalii. Marieta akaapa kwamba siku hiyo atapanda kilima kwa miguu yake mwenyewe, au asiende kabisa.

Akaanzia zahanati.

"Unakulaga nini, mama?" aliuliza muuguzi, msichana anayeitwa Grace.

"Kidogo tu, mwanangu. Ugali kama ngumi."

"Ngumi ya nani?"

Marieta akaficha mikono yake chini ya kanga.

"Na unafanya kazi gani?"

"Mama lishe. Nina kibanda mjini, karibu na maofisi."

"Ukiwa unapika, huli?"

"Sili. Naonjaga tu."

"Unaonjaga nini?"

Marieta akafikiri. Maharage, ajue chumvi. Sangara, ajue kama amekauka vizuri. Ubwabwa, ajue kama umeiva chini na juu. Chapati ya kwanza, kwa sababu ya kwanza huwa haina sura ya kumuuzia mtu. Chapati ya mwisho, kwa sababu inabaki peke yake na inasikitisha.

"Mama," alisema Grace, "hicho ni chakula cha mtu aliyetoka kulima."

"Lakini sijakaa chini. Kula si mpaka ukae chini?"

Grace alimwangalia kwa huruma, akamwambia kuanzia siku hiyo kuonja ni kula, hata kama amesimama, hata kama anatembea, hata kama amempa mteja mgongo. Marieta alitoka pale kama mtu aliyebadilishiwa dini.

Kulikuwa na swali jingine ambalo hakuthubutu kumuuliza Grace. Leodgar alikuwa mwembamba kama kasia. Alikula mboga za majani, hakupenda sukari, alikwenda kazini kwa baiskeli. Akafa asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu. Sasa kama mwembamba kafa na mnene yupo, huyu mtoto wa zahanati anamshauri aelekee upande gani? Alilipeleka swali hilo kwa jirani yake Recho.

"Usichanganye mambo," alisema Recho. "Leodgar aliitwa. Wewe unajipeleka."

Recho ndiye aliyekubali kutembea naye alfajiri kando ya ziwa. Wavuvi waliokuwa wanatandaza dagaa waliwazoea haraka mno.

"Mama Gody, nani anakufukuza?"

"Na mbona hajakufikia mpaka leo?"

"Mwacheni mama wa watu, anaenda Ukerewe kwa miguu."

Kila mtu Makoko akawa daktari. Huyu alisema maji ya moto na limau. Yule akasema siki. Mwingine akasema asile kitu chochote cheupe, na Marieta akauliza je, udaga, ule unga wa muhogo, ukipikwa si unakuwa wa kijivu? Alikunywa limau mpaka meno yakafa ganzi. Wiki nzima alishinda na matango, na siku ya mwisho wa wiki hiyo mteja alimkuta ameshika chapati mkononi, haili, anainusa tu, macho amefumba.

"Mama, hiyo ni yangu au ya maombi?"

Ubaya zaidi ni kwamba kulia na njaa vilikuwa vimechanganyika. Siku nyingine machozi yalimtoka akiwa anakanda unga, akasimama hapo na mikono yake myeupe asijue anamlilia Leodgar au analilia unga. Leodgar alipenda kukaa kwenye ndoo jikoni wakati anapika, anasoma gazeti la zamani lililofungia vitunguu, na akisikia kijiko kinagonga sufuria anasema bila kuinua kichwa, "Onja tena, hujaonja vizuri." Sasa akikataa kuonja, ni kama anamkatalia yeye.

Lakini mwili ulianza kusikia. Msimu wa pamba alikwenda Bunda kumwona kaka yake, Ngolo, na kijijini kwao mzani pekee uliokuwepo ni ule wa kununulia pamba. Wakamning'iniza kwenye ndoano, amekaa ndani ya kitambaa cha marobota, miguu inaning'inia, wakulima wamepanga foleni na mizigo yao. Mpimaji alitaja kilo, na Marieta akapiga kigelegele pale pale hewani.

"Dada, tulia," alisema Ngolo. "Huo mzani unapunjaga."

"Unapunja nani?"

"Kila mtu. Hawa wote hapa wanalalamika."

"Mimi silalamiki. Nipimeni tena."

Hata ukitoa wizi wa mzani, alikuwa amepungua. Gauni jeusi lilishikiliwa na pini. Na hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo hakulitegemea: hakuna mtu aliyesema amepungua. Walisema amekwisha.

"Mama Gody amekwisha jamani. Mume analiliwa vile."

Kwao mtu hakondi hivi hivi. Anakonda kwa ugonjwa, kwa dhiki, au kwa majonzi, na kwa kuwa alikuwa mjane walimpa majonzi bila kumuuliza. Kanisani mwenyekiti wa kina mama alimsimamisha mbele ya wenzake. "Mtazameni huyu. Nyie mnafiwa leo, kesho mnanunua soda." Marieta alisimama pale ameinamisha kichwa. Asubuhi hiyo alikuwa ametembea mpaka mwisho wa Makoko na kurudi, miguu ilimuuma, na kilichokuwa kichwani mwake ni yai la kuchemsha. Alitaka kusema ukweli. Akafikiria maneno ya kusema, "Sijakondeshwa na kulia, nimeacha chapati," akaona jinsi yatakavyopokelewa. Mjane anayejipunguza kwa makusudi ana bwana mahali. Akanyamaza, na wakamwimbia.

Siku ya kumbukumbu ilipofika, alishuka kwenye gari pale kwenye mkonge pamoja na Recho. Ukoo mzima ulikuwa umekuja kumpokea. Bhoke alikuwa mbele. Alipomwona wifi yake, mikono ilimwendea kichwani.

"Mama yangu. Wifi, ni wewe huyu?"

"Ni mimi."

"Umekwisha kiasi hiki na hukutuambia? Unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Mgonjwa hajisemi," alisema Bhoke, machozi yakimtoka kweli kweli. Akageuka nyuma. "Leteni ule mkokoteni. Na godoro juu. Mtu huyu hawezi kupanda."

Marieta aliwaona ng'ombe wakitokea nyuma ya mkonge, wanne, wamekwisha kufungwa. Mapipa yalikuwa yameondolewa, na juu ya mbao palitandikwa godoro lenye maua na mto wake. Mwaka mzima wa matango, na bado wale wale. Walimbeba kwa sababu ni mnene. Sasa watambeba kwa sababu amekonda.

"Wifi, sipandi huo mkokoteni."

"Usione aibu. Sisi ni ndugu."

"Sioni aibu. Nitatembea."

"Utatufia njiani, halafu watu wa Makoko waseme tumekuua. Shikeni mkono mmoja huku."

Vijana wawili wakamshika. Wakati huu walijua pa kushika. Recho akafungua mdomo kusema, Marieta akamzuia kwa macho, akajua kwamba kama hasemi yeye mwenyewe atalazwa kwenye godoro lile na kupelekwa kwa mumewe kama mzigo kwa mara ya pili.

"Niacheni. Mimi sijakonda kwa kulia."

Vijana wakamwachia mkono.

"Nimelia, ndiyo. Lakini kulia hakupunguzi mtu, ningekuwa nimepungua tangu wiki ya kwanza. Nimejipunguza. Nimeacha chapati, nimetembea, nimekula majani kama mbuzi. Kwa makusudi."

Kina mama wakatazamana. Marieta aliona ile kanga ya heshima waliyomvika kwa mwaka mzima ikimteleza mabegani.

"Kwa makusudi," alirudia Bhoke polepole. "Unampunguzia nani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema nimebebwa na ng'ombe wanne. Watu wakacheka, mume wangu hajaingia hata kaburini. Nikasema mwaka ukigeuka nitakuja kwake kwa miguu. Ndiyo hiyo miguu, imekuja. Kama mnataka kuniita malaya niiteni, lakini niiteni nikiwa napanda."

Bhoke alikuwa mtu asiyekosa neno, na kulikosa mbele ya ukoo kulimuuma kuliko kutukanwa. Mwishowe akafunga kanga kiunoni.

"Basi panda tuone."

Marieta akapanda. Isidhaniwe kwamba alipanda kama mbuzi. Bado alikuwa mama mwenye mwili, na kilima hakikuwa kimefanya zoezi lolote la kupungua. Kwenye jiwe la kwanza alipita. Kwenye la pili alisimama akashika kiuno, na ukoo mzima nyuma yake ukasimama ukashika viuno. Katikati ya njia goti la kushoto lilianza kulalamika, akalisema kwa sauti, "Nyamaza wewe," na mtu mmoja nyuma akadhani anaambiwa yeye akaacha kuongea. Bhoke alitembea pembeni yake bila kumgusa, akirusha kokoto kwa mguu ili zisimtelezeshe.

"Chapati kweli uliacha?" aliuliza Bhoke baadaye, anahema na yeye.

"Zote."

"Hata za kuonja?"

"Hizo ndizo zilizoniua."

Walifika. Kaburi lilikuwa limesakafiwa, na mama yake Leodgar, bibi kizee mwenye fimbo, alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni. Watu wakajipanga. Kina mama wakatoa leso. Katekista akafungua kitabu na kukishika wazi. Kila mtu akamtazama Marieta, maana bila yeye hakuna kilio.

Marieta alisimama mbele ya mumewe, mikono magotini, jasho linamchuruzika puani. Alikuwa na kilio, alikihisi kabisa, kikubwa na chake mwenyewe. Lakini pumzi hakuwa nayo. Alifungua mdomo, ikatoka sauti kama ya jiko la mafuta linalozimika.

"Anza basi," alinong'ona Bhoke, na mnong'ono wake ukafika kwa wote kama kawaida. "Watu wanasubiri."

"Ngoja nipumue."

Mmoja wa wazee akaguna kwamba jua linapanda. Bibi kizee akagonga fimbo chini.

"Mwacheni apumue," alisema. "Kapanda mwenyewe."

Wakasubiri, leso mikononi, na Bhoke akafungua kanga yake kiunoni akaanza kumpepea.