Mnyororo Uliolika

Moto ulikuwa umeshashuka nusu ya mlima wakati mwaloni mkubwa ulipoanguka na kuziba barabara ya kutokea kijijini. Msumeno wa petroli wa Belaid, wa ile chapa inayojulikana Kabylia nzima, huku milimani Algeria, ulibaki nyumbani kwake, na nyumba ilikuwa inaungua. Jirani yake Tassadit akashusha wa kwake, wa chapa nyingine, garini.

"Dada, huo ndio nini?" Belaid akauliza. "Hata jina lake silijui!"

"Unakata. Hebu nishikie tawi."

Hakumwambia kilichokuwa kinamtia hofu. Msumeno wenyewe ulikuwa mzima, ila mnyororo umelika, na mjini Azazga hakuna duka lenye mwingine wa kuufaa. Wauzaji walimjibu vilevile: hakuna anayeuulizia, basi hatuuleti. Na nani aulizie kitu asichokiona dukani?

Akavuta kamba, injini ikaitika. Moshi ulimwingia machoni. Nyuma yake watoto walilia ndani ya magari, na kila meno yalipong'ata fundo gumu la mti, alidhani mnyororo umekatika. Hatimaye gogo likakatika, wanaume wakalisukumia bondeni, magari yakapita.

Kule chini kwenye usalama, Belaid akamshika mkono. "Umetuokoa, dada. Lakini nikinunua mwingine, nitanunua uleule niliouzoea."

"Nunua," Tassadit akasema. "Hata mimi nitanunua huohuo, ambao mnyororo wake hupatikana. Sitaki kuogopa hivi tena."